Madini ya kuchanganya kwenye chakula cha vitoto vya nguruwe: uanze na lipi

Kitoto cha nguruwe kikiachishwa kunyonya, tumbo lake huhama ghafla kutoka maziwa kwenda pumba na mashudu. Kuharisha hufuata, na wengi hukimbilia oksitetrasaiklini, antibayotiki ya kuchanganya na maji. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006, na mbadala mmoja unaotafutwa ni madini na udongo wa kuchanganya kwenye chakula. Nimeyapanga madini hayo kwa jinsi ambavyo ningetoa pesa yangu.

Ya kwanza ni bentonaiti, aina ya udongo, na sababu ni mahindi. Mahindi yaliyoanikwa vibaya hubeba sumukuvu ya aflatoksini, na udongo huu huinasa tumboni hadi itoke na kinyesi. Weka kilo 1 kwa kilo 100 za chakula. Kikomo cha Ulaya ni kilo 2. Kwa sumu nyingine za ukungu nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo usiitegemee kuokoa mahindi yaliyooza. Usiichanganye na antibayotiki ya tailosini pia, maana itainasa dawa yenyewe.

Ya pili, klinoptilolaiti, aina ya zeolaiti, yaani madini yenye vitundu vidogo. Hunasa amonia, na kikomo cha Ulaya ni kilo 1 kwa 100. Ikiwa bei yake ni mara mbili ya bentonaiti, iache dukani.

Mrututu (salfeti ya shaba) nauweka wa tatu kwa woga. Shaba yake husaidia kweli, ila Ulaya hairuhusu zaidi ya miligramu 150 za shaba kwa kilo ya chakula, wiki 4 tu baada ya kuachisha, na mchanganyiko wa vitamini ulionunua huenda tayari una shaba. Kukadiria kwa kijiko ni hatari. Kondoo wasiguse mabaki: shaba huwaua.

Oksidi ya zinki huzuia kuharisha kuliko zote hizi, kwa dozi ya miligramu 2,500 za zinki kwa kilo, siku 14. Nimeiweka mwisho kwa sababu hurundikana shambani kupitia samadi. Ulaya iliiondoa dozi hiyo ya dawa Juni 2022.

Kaolini ya Pugu, udongo mweupe wa karibu na Dar es Salaam? Nafuu, lakini kwa aflatoksini haifikii bentonaiti.

Lolote utakalochagua, mfuko uandikwe kuwa ni wa kulishia mifugo. Mwaka 1997 udongo uliochimbwa Mississippi, Marekani, uliingiza sumu ya dioksini kwenye kuku na mayai kupitia mashudu ya soya. Udongo wa ujenzi na wa kuchimbia visima usiuguse, hata ukipewa bure.