Uzoefu wangu na kamusi ya karatasi ya nahau na misimu ya Kiingereza

Hii ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya wanaojifunza lugha. Kwa nahau naipa nyota 4 kati ya 5. Kwa misimu, yaani maneno ya mitaani, 2, tena kwa huruma.

Wengi huishindwa kwenye kutafuta. Nahau haipangwi kwa neno lake la kwanza. "Let the cat out of the bag", yaani kutoboa siri, itafute kwenye "cat", nomino ya kwanza. "Under the weather", kujisikia vibaya kiafya, iko kwenye "weather". Nomino isipokuwepo, nenda kwenye kitenzi.

Kinachonifanya niisifu ni vifupisho vilivyo kabla ya maana: Uingereza au Marekani, mazungumzo, kizamani, lugha chafu. Usiviruke. "Pissed" kwa Mwingereza ni amelewa, kwa Mmarekani ni amekasirika, na kwa wote wawili si neno la kumwambia bosi. Kibaya zaidi ni "table" kikaoni: Uingereza ni kuwasilisha hoja ijadiliwe, Marekani ni kuiweka kando. Katibu asiyejua hilo ataandika muhtasari kinyume kabisa na kilichoamuliwa.

Kasoro ipo kwenye umbo. Kamusi inaandika "pull somebody's leg", nawe unaweka mtu wako: "you're pulling my leg", unanitania. Hapo sawa. Ila haionyi kwamba nahau nyingine hazigeuziki. "He kicked the bucket" ni kafa. Sema "the bucket was kicked" na hakuna msiba, ni ndoo tu imepigwa teke. Halafu ni usemi wa mzaha, kwenye rambirambi usiuguse.

Misimu ya vijana imeipita mbali. "No cap", yaani kweli tupu, haimo. Hata "I'm good" ya kukataa chai kistaarabu haimo, na hiyo husikika kila siku! Kwa haya natumia Urban Dictionary ya mtandaoni, iliyoanza 1999. Huko yeyote huandika, matusi na utani vimejaa, kwa hiyo linganisha maelezo mawili matatu pamoja na mifano yake kabla ya kuamini.

Ukiwa dukani, kabla ya kulipa fungua "table". Isipotenganisha Uingereza na Marekani, irudishe rafuni.