WordPress au Grav kwa tovuti ndogo ya mteja?

WordPress na Grav zote ni programu za kujengea na kuendesha tovuti. Wateja wangu wengi hapa Mbeya wanataka kitu kidogo: nyumba ya wageni Tukuyu, duka la mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Kurasa tano, picha, namba ya simu, basi.

WordPress ipo tangu 2003 na mafundi wengi wanaijua. Hata ukihama mji, mteja hakosi wa kumsaidia. Lakini inahitaji hifadhidata, yaani programu ya pembeni inayotunza maandishi ya tovuti, kama MySQL au MariaDB, na programu-jalizi (vipande vya kuiongezea uwezo) zisiposasishwa wadukuzi hupitia hapo. Mwaka jana niliamka nikakuta tovuti ya mteja inatangaza kamari. Programu-jalizi ya fomu ilikuwa haijaguswa miezi minane. Iliniuma sana, maana mama yule aliniamini.

Grav haina hifadhidata kabisa. Kila ukurasa ni faili la maandishi ndani ya folda: bei ya chumba ikipanda, unafungua faili, unabadili 30,000 kuwa 35,000, unahifadhi. Nakala ya akiba ni kunakili folda nzima, hata kwenye flashi. Mandhari zake, yaani mionekano ya tovuti iliyo tayari, ni chache, kweli.

Duka linalouza mtandaoni nalijengea kwa WordPress na WooCommerce, programu-jalizi yake ya kuuzia. Nyumba ya wageni, Grav, bila kusita.