Frieren, Dandadan, Solo Leveling: mimi nacheki kinachotokea wakati hakuna anayepigana

Niaje wadau, leo nina anime tatu mezani, yaani katuni za Kijapani, na moja ya pembeni, na naomba tuelewane mapema ili mtu asije kunishukia kwenye komenti hajui hata natokea upande gani. Mimi anime siipimi kwa ngumi. Ngumi siku hizi studio nyingi zinaziweza, ukiwa na hela na wachoraji wazuri utatoa dakika mbili za mapigano zitakazozunguka kwenye klipu dunia nzima. Mimi nacheki zile dakika nyingine, pale watu wamekaa tu, wanakula, wanatembea, wamenuniana. Hapo ndo utajua kama mwandishi ana watu au ana midoli. Na spoila zipo, yaani nafichua yanayotokea, nimeshasema, zipo, kama hujaangalia na una roho nyepesi ruka mbele, usije ukalia na mimi.

Naanza na Solo Leveling kwa sababu najua ndo mnayoisubiria mnitukane. Hii ni kazi ya A-1 Pictures, msimu wa kwanza ulianza Januari 2024, wa pili Januari 2025, na asili yake ni riwaya ya Kikorea ya Chugong ambayo baadaye ikachorwa kama webtuni, katuni ya kusoma mtandaoni, na Jang Sung-rak, na huyu mchoraji alifariki 2022 kwa hiyo hakuwahi kuiona ikitembea kwenye skrini, hilo linauma hata kwa mtu kama mimi ninayekuja kuiponda sasa hivi. Mwaka 2025 ikabeba tuzo ya anime bora ya mwaka kule Crunchyroll, ule mtandao wa kuangalia anime, na mtandao ukachafuka, nusu wanashangilia nusu wanataka kura zihesabiwe upya.

Episodi mbili za kwanza, haki yake nitampa, ni moto. Sung Jinwoo ni mwindaji dhaifu kuliko wote, hawa wawindaji wanaingia kwenye mageti yanayofunguka kupigana na mazimwi ya ndani, yule jamaa ambaye hata kwenye misheni rahisi anarudi na bandeji, anaingia na wenzake kwenye lile hekalu la chini lenye masanamu na lile sanamu kubwa lililokaa kwenye kiti linawaangalia tu, halafu linatabasamu. Lile tabasamu, jamani! Watu wanakatwa vipande, wanasalitiana, wanaombeana, na wewe unaogopa kwa sababu huyu stelingi hana chochote, hana nguvu, hana ujanja sana, ana woga tu na akili ya kusoma zile amri kwenye jiwe. Anapona, anaanza kuona ule mfumo wake kama gemu, kila siku anatakiwa apige pushapu 100, sit-apu 100, skwati 100 na akimbie kilomita 10, na akizembea anatupwa jangwani kukimbizwa na majongoo makubwa kama treni. Hapo bado tamu, bado kuna gharama.

Sasa akishapanda levo ndo shida inaingia. Ile hofu inaisha, na badala yake tunapata watu ambao kazi yao ni moja, kufungua mdomo. We angalia utaona, mwindaji wa daraja la juu anaingia, anasema haiwezekani, anatoka jasho, Jinwoo anamaliza kazi, mwingine anaingia, naye anasema haiwezekani. Hawana maisha yao! Ukiwatoa wote ukaweka vioo tu vya kumwonyesha jamaa alivyo mkali, hadithi haipungukiwi kitu. Na msinielewe vibaya, ile vita na Igris, yule askari wa deraya nyekundu, msimu wa kwanza niliipenda kwa sababu pale alikuwa anapigwa kweli, unaona anavyofikiria, anatupa silaha, anabadilisha mbinu. Na kule kisiwa cha Jeju na yule mfalme wa mchwa, sijui niseme siafu, yaani picha ni za kiwango kingine na muziki wa Hiroyuki Sawano unakubeba unajikuta umesimama. Lakini nikimaliza sikumbuki mtu, nakumbuka rangi ya zambarau.

Kuna sehemu moja tu ndani ya misimu yote miwili iliyonishika, ni pale mama yake anaamka. Jamaa ametafuta dawa muda wote huo, mama alilala usingizi usioisha, anamnywesha, mama anafumbua macho, na huyu ambaye sura yake ilishageuka kuwa kisu tupu, hana hisia, anarudi kuwa mtoto pale pale analia. Nikasema ahaa, kumbe mnaweza! Kumbe mnajua! Mbona sasa mlikuwa mnatunyima? Nilitaka wakae pale muda mrefu zaidi, mama aulize maswali, dada mtu arudi nyumbani akute mama kakaa, wale chakula. Lakini wapi, tunakimbizwa kwenye mageti tena.

Haya. Frieren.

Hii nimeichelewa kwa sababu watu walikuwa wananiambia ni nzuri ila taratibu, na mimi nikisikia taratibu najua nitalala. Madhouse waliitoa Septemba 2023 kwa kishindo, episodi nne za kwanza zikaunganishwa zikaonyeshwa mpigo mmoja, muongozaji ni Keiichiro Saito, jumla ni episodi 28 hadi Machi 2024. Hadithi inaanzia pale ambapo nyingine zinaishia. Mfalme wa Mapepo ameshakufa, safari ya miaka 10 imeisha, wanne wanarudi mjini kushangiliwa, shujaa Himmel, kasisi Heiter, mbilikimo Eisen na huyu mchawi wa kielfi Frieren ambaye ameishi zaidi ya miaka 1000. Usiku wanaangalia vimondo vinavyopita kila baada ya miaka 50, na Frieren kwa utulivu kabisa anawaambia miaka 50 ijayo nitawaonyesha sehemu nzuri zaidi ya kuviangalia. Anaongea kama mtu anayesema tuonane Jumamosi! Na wale wenzake wanatazamana, wanacheka kidogo, hawasemi kitu.

Anaondoka. Miaka 50 kwake ni kama kwenda dukani na kurudi. Anarudi anamkuta Himmel kibabu, kafupi, hana nywele, na bado ana ile tabia yake ya kujiona mzuri. Wanaenda kuangalia vimondo, baada ya muda mfupi Himmel anafariki, na kwenye mazishi watu wanamsema Frieren mbona halii, ndipo anavunjika, anasema alijua binadamu wanaishi muda mfupi, kwa nini hakujaribu kumfahamu. Hiyo ni episodi ya kwanza wadau. Ya kwanza! Na kuanzia hapo kila tukio wanakuandikia pembeni ni mwaka wa ngapi tangu Himmel afariki, yaani kalenda ya dunia nzima imegeuka kuwa ya mtu mmoja ambaye hayupo.

Ngoja nikae hapa kidogo maana kuna kitu watu wanakipita. Episodi ya 14. Fern, mwanafunzi wake Frieren, amenuna kwa sababu Stark, kijana mpiganaji anayesafiri nao, hakumpa zawadi ya siku ya kuzaliwa, wanaenda kununua bangili, Stark anachagua yenye nakshi ya ua fulani, hajui maana yake. Frieren anaitambua ile nakshi, inafanana na ya pete aliyonayo yeye, ambayo Himmel alimnunulia zamani, na lile ua maana yake ni mapenzi ya milele. Sasa tunarudishwa nyuma tunaona, Frieren alichagua ile pete kiholela tu, basi tu, na Himmel akaichukua, akapiga goti, akamvalisha kidoleni taratibu. Hakuna anayesema neno. Yeye mwenyewe Frieren hajaelewa hadi leo, au ameelewa na hasemi, mimi mpaka sasa sijaamua. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie, ingawa mtunzi wa muziki Evan Call ukimwachia nafasi anakumaliza. Ni goti moja tu. Nikikuuliza utaje tukio la Jinwoo lenye uzito huo bila upanga, utanijibu nini?

Na wale mnaosema haina mapigano, hamjafika kwa Aura. Huyu pepo ana mizani, anaweka roho yake na yako, mwenye nguvu kubwa anamtawala mwenye nguvu ndogo, na yeye amejijenga miaka 500 hivyo anaweka mizani kwa raha zake. Kumbe Frieren maisha yake yote anaficha nguvu zake, analala anaficha, anatembea anaficha, ili pepo wamdharau. Mizani inaelemea upande wa pili. Ile sura ya Aura pale, naweza kuirudia siku nzima. Unaona sasa, ushindi wenyewe umejengwa na tabia ya mtu, uvumilivu wake, siyo levo iliyodondoka kutoka mbinguni. Halafu kuna ule uchawi wa kuua wa yule pepo Qual, alifungiwa miaka 80, akaja kutoka anakuta binadamu wameuchambua uchawi wake hadi umekuwa wa kawaida kabisa, kila mchawi anaufanya na kinga yake ipo. Nilicheka halafu nikamwonea huruma, pepo mzima amepitwa na wakati.

Kasoro? Ipo. Mtihani wa wachawi unaoanzia episodi ya 18 unaleta watu wengi kwa mkupuo, majina yanapishana, wengine mpaka leo nawajua kwa nywele tu. Nilimmisi sana Stark pale katikati, kijana wa watu amewekwa pembeni anakula keki. Ile ya kupambana na nakala ya Frieren mle pangoni ikaja kuokoa jahazi, lakini kiukweli kuna episodi kama mbili pale nilishika simu.

Jambo dogo kabla sijasahau, sauti ya Frieren ni Atsumi Tanezaki, huyohuyo anayefanya Anya wa Spy x Family. Mtu mmoja! Nenda kasikilize zote mbili uje uniambie kama binadamu wa kawaida anafanya hivyo.

Dandadan sasa, na hapa lazima nikuonye, dakika ishirini za mwanzo ni fujo. Binti wa shule Momo anaamini mizimu haamini elieni, viumbe wa sayari nyingine, huyu kijana Okarun anaamini elieni haamini mizimu, wanabishana, kila mmoja anaenda sehemu ya mwenzake kuhakikisha, na wote wanakuta kweli. Okarun analaaniwa na Bibi Turbo, analibeba zimwi zima mwilini na anapoteza, niseme vipi, vito vyake vya uanaume, na sehemu kubwa ya hadithi ni kuvitafuta. Siongopi. Science SARU waliitoa Oktoba 2024, muongozaji Fuga Yamashiro, manga, yaani kitabu cha katuni ilikotoka, ni ya Yukinobu Tatsu, na ule wimbo wa mwanzo wa Creepy Nuts ukiuruka wewe una matatizo binafsi.

Kitu kimoja kilinikera na nakisema wazi, ile ya elieni kumvua nguo binti wa shule kwenye episodi ya kwanza. Haikuwa na ulazima wowote, tungeelewa hatari bila kumwona na chupi. Na msimu wa kwanza unaishia tena kwenye bafu la maji ya moto amezungukwa na wanaume, paap, imeisha, subiri Julai 2025. Watu walikasirika na walikuwa na haki. Kuna marafiki wa kike niliowashauri waangalie wakaacha hapohapo mwanzoni na siwezi kuwalaumu.

Ila wadau, episodi ya 7. Hadi episodi ya 6 unacheka, kuna zimwi la kike lenye nywele ndefu linaloruka ruka kwa mbwembwe, Acrobatic Silky, unaona ni adui tu wa kupigwa. Halafu wanakufungulia maisha yake. Alikuwa mama, anamlea binti yake peke yake, anafanya kazi juu ya kazi, nyingine za kudhalilisha, mtoto anataka nguo nyekundu ya kuchezea baleti na mama anainunua. Wanacheza wote wawili ndani, nyumba haina kitu lakini wanazunguka wanacheka. Halafu wadai wanakuja, wanampiga, wanaondoka na mtoto. Maneno hapo karibu hakuna, kamera inatingishika kama aliyeshika naye anakimbia, muziki wa Kensuke Ushio unaingia kwa mbali. Sitamalizia, ila ile dansi ya juu ya ghorofa ilibidi nisimamishe ninywe maji. Na kinachoniua siyo msiba wenyewe, ni kwamba baada ya hapo Aira, yule binti mwenye maringo niliyekuwa simvumilii, ndiye anayemkumbatia zimwi na kumwita mama ili asipotee bila kukumbukwa na mtu. Episodi moja imenipindua kwa watu wawili kwa mpigo.

Na hata nje ya hapo, Momo na Okarun wakiwa hawafukuzwi na chochote wanaishi, wanaoneana aibu, mmoja anamsubiri mwenzake amsalimie shuleni, hakusalimiwa, kanuna siku nzima. Bibi yake Momo anavuta sigara anawatukana wote. Okarun akigeuka zimwi nywele zinasimama, anakuwa mkali kinoma, lakini anaongea kama mtu aliyekata tamaa na dunia, na mimi hapo nacheka kila mara.

Ya pembeni haraka haraka, The Apothecary Diaries, ilianza Oktoba 2023, Maomao binti wa madawa anauzwa kuwa mtumishi ikulu. Vichanga vya mfalme vinakufa, watu wanasema laana, yeye anaona ni poda nyeupe ya uso wanayojipaka mama zao, ina madini ya risasi ndani, sumu. Anaandika onyo kwenye kitambaa, anafunga kwenye tawi la maua, anaacha dirishani kwa wake wawili. Mmoja anasikia, mwingine hasikii na mtoto wake anakufa. Baadaye Maomao anaitwa kumhudumia huyo wa pili anayekaribia kufa, anakuta mjakazi bado anampaka ileile poda ili bibie apendeze, na huyu binti ambaye siku zote hana habari na mtu anamnasa mjakazi kibao, anamwagia poda yote kichwani na kumfokea. Upanga hakuna, uchawi hakuna, na ndo kibao kikali kuliko vyote nilivyoviona kwenye hizi anime nne.

Msimu wake wa pili bado sijaufikisha mwisho, kwa hiyo kwenye komenti hapo chini tukanane kuhusu Jinwoo mpaka asubuhi, ila atakayenitajia kinachotokea kwa Maomao na Jinshi, yule ofisa mzuri wa ikulu, namblok.