Bibi mwenye sweta na nyumba ya Dillmouth: nimesoma Sleeping Murder

Nianze na hukumu, anayetaka sababu aendelee kusoma: Sleeping Murder, riwaya ya upelelezi ya Mwingereza Agatha Christie, ni mlango mzuri wa kumjulia Miss Marple, bibi mpelelezi wa vitabu vyake, hata kama jaladani wameandika kwamba hii ndiyo kesi yake ya mwisho. Maneno ya jalada yasikutishe. Christie aliiandika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaiweka kando itoke atakapokuwa ameshaondoka duniani. Alifariki Januari 1976, na kitabu kikatoka mwaka huohuo. Kwa hiyo bibi unayekutana naye humu si yule wa riwaya za miaka ya 1960 aliyepigwa marufuku hata kuinama bustanini mwake. Huyu bado ana magoti. Anang'oa magugu, anatembea madukani mji mzima, na sweta haliachi mkononi.

Hilo la sweta ndilo lililonivuta. Mimi nafuma vitambaa vya meza na vya makochi hapa Tanga, Ngamiani, na kwa upande wa riwaya za upelelezi nimekuzwa na Bwana Msa. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kutambulishwa: Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari wa Makunduchi, alituletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi kabla ya kuchapwa mwaka 1960. Bwana Msa si polisi, Miss Marple naye si polisi. Lakini ukimwona Bwana Msa unajua umemwona mtu. Kiko kinafuka, rafiki yake Najum yuko pembeni anashangaa, na Bwana Msa mwenyewe anajijua kuwa ana akili. Miss Marple unaweza kukaa naye meza moja, ukanywa naye chai ukaisha, ukaondoka ukidhani ulikuwa na bibi tu mwenye maneno mengi kuhusu kijiji chao.

Hadithi yenyewe ni hii. Gwenda Reed, bi harusi wa miaka 21, anatokea New Zealand na kushuka Plymouth, mumewe Giles akiwa bado njiani. Kazi aliyopewa ni kutafuta nyumba kusini mwa Uingereza, pwani. Anafika Dillmouth, mji mdogo wa kubuni wa watu wastaarabu na wastaafu, anaiona nyumba nyeupe ya kizamani inayoitwa Hillside, na moyo unamwambia hii hapa. Ananunua. Ila alipokuwa akikagua, pale juu ya ngazi, hofu ilimpitia kama baridi, akaipuuza.

Kisha vinaanza vitu vidogo vidogo, na hapa Christie ameweza kweli. Gwenda anataka kutoka sebuleni kwenda chumba cha kulia, na kila mara anaelekea ukutani, mahali pasipo na mlango. Anawaambia mafundi wapasue hapo. Mafundi wanagonga, wanamwambia mbona mlango ulikuwepo, uliwahi kuzibwa. Anataka ngazi za kushukia bustanini zipite mahali fulani. Mtunza bustani anafyeka vichaka, ngazi za zamani ziko palepale chini. Kilichonitoa jasho ni kabati. Katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha watoto kuna kabati la ukutani lililopakwa rangi mpaka mlango ukagandamana. Gwenda amekuwa akijiambia chumba hiki kitapendeza kikibandikwa karatasi ya ukutani yenye maua, tena anayaona kichwani: mafungu ya maua mekundu, halafu mafungu ya maua ya buluu, kwa zamu. Siku kabati linafunguliwa, ndani ukutani kuna karatasi ya zamani iliyosalia. Maua mekundu, maua ya buluu, kwa zamu. Nilikiweka kitabu chini nikaenda kuhakikisha mlango wa uani nimeufunga, na ilikuwa saa tisa ya mchana.

Gwenda anakimbilia London kwa jamaa za mumewe, na ndipo tunapompata bibi yetu. Raymond West, mwandishi wa vitabu anayejiona, ana shangazi kutoka kijijini. Wanatoka wote kwenda kutazama The Duchess of Malfi, tamthilia ya John Webster ya miaka ya 1600, na mhusika mmoja aliposimama juu ya maiti ya dada yake akasema maneno yake, Gwenda anapiga ukelele na kutoka mbio ukumbini. Maneno yale ameyasikia zamani, yakisemwa juu ya maiti ya kweli, chini ya ngazi za nyumba aliyoinunua juzi. Na jina la marehemu analo: Helen.

Angalia sasa anachofanya Miss Marple. Msichana anadhani amerukwa na akili, au nyumba ina mashetani. Ingekuwa huku kwetu tungeshamfukiza ubani. Bibi anakaa naye, anamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu anatafuta maelezo mepesi kuliko yote: huenda uliwahi kuishi humo ukiwa mdogo. Gwenda anapinga, yeye ni mtu wa New Zealand. Wanaulizwa ndugu zake, na jibu linarudi vilevile alivyosema bibi. Baba yake Gwenda alikuwa mwanajeshi India, mkewe akafa, akamleta mtoto Uingereza na kuoa tena, na wakakaa Dillmouth. Mke wa pili alikuwa Helen. Mji mzima unaamini Helen alitoroka na mwanamume, miaka 18 iliyopita.

Mpelelezi gani wa riwaya, akishapata fumbo tamu namna hii, anawaambia wenyewe waliache? Miss Marple anawaambia. Giles na Gwenda ni vijana, wanaona huu ni mchezo mzuri kwa mume na mke wapya, na bibi anawasihi kwa upole wasiichimbue. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Hawamsikii. Naye hagombi wala hanuni. Anakwenda kwa daktari wake, anamzungushia maneno mpaka daktari mwenyewe anamwandikia hewa ya bahari, na ghafla naye yuko Dillmouth, amepanga chumba. Hapo ndipo nilipompenda. Hakwenda kutafuta sifa ya kufumbua kesi, alikwenda kwa sababu watoto wawili wanacheza karibu na mtu aliyewahi kuua.

Upelelezi wake huko ni wa kazi za mikono. Anaingia dukani kununua uzi, anasifia, anauliza bei, anataja ile familia iliyokuwa ikikaa kule mlimani, na mwenye duka anajaza mengine. Anajitolea kupalilia bustani ya Hillside, ambako kuna gugu moja linalotambaa na kunyonga mimea, lenye mizizi mirefu, na kutoka bustanini anamwona kila anayeingia na kutoka. Kwa njia hizi wanafika kwa Edith Pagett, aliyekuwa mpishi wa nyumba, na anayojua Edith hayamo katika faili la polisi wala la wakili. Naweza kuthibitisha hili kutokana na kazi yangu. Mtu akikuona umeinamia sindano, anaendelea kuzungumza na mwenzake kana kwamba hupo. Nimeshajua mahari za watu na madeni ya watu nikiwa nahesabu vitundu vya kitambaa.

Nitataja kidokezo kimoja tu, maana hakimtaji muuaji. Wakati Helen "alipotoroka", sanduku lilikutwa halipo na nguo zimepungua. Mji uliridhika. Aliyekataa ni Lily, msichana wa kazi, kwa sababu alikuwa akizitunza nguo zile. Gauni la kwendea sherehe za jioni limekwenda, lakini vitu vya kuvaliwa na gauni lile vimebaki kabatini. Aliyefunga sanduku lile hakuwa mwenye nguo. Wanaume waliohusika hawakuliona, na sishangai. Tangu hapo nilikuwa nikisoma kwa hasira, maana jibu lilikuwa kinywani mwa mfanyakazi wa ndani muda wote na hakuna aliyemuuliza.

Na hapo ndipo nina ugomvi na Christie. Watumishi wa kitabu hiki ndio wenye akili ya macho, lakini anawaandika kwa namna ya kuchekesha, kwa matamshi ya kijinga na tamaa ndogo ndogo. Lily anapopatwa na makubwa baadaye, kurasa chache zikipita hakuna anayemkumbuka ila kama tatizo la ratiba ya treni. Miss Marple peke yake anaonyesha kuguswa. Sehemu ya katikati pia inalegea: wanaume watatu waliowahi kuwa na Helen wanatembelewa mmoja baada ya mwingine, wakili aliyepoa, mwenye kampuni ya mabasi ya watalii aliyejitajirisha, na mwanajeshi mstaafu mwenye mke mwenye wivu, na kila ziara inafuata mwendo uleule. Nilikuwa nimeshamshuku mhusika wangu kabla hatujafika kwa wa tatu, na ndiye. Sikukereka. Raha yangu haikuwa kumtaja mtu, ilikuwa kuona bibi ameanza kumtazama kwa jicho tofauti tangu lini. Nilirudi nyuma nikakuta alikuwa amesema wazi mapema sana, nami nikapita.

Kuna watakaolalamika kwamba katika Uingereza yote msichana anunue nyumba ileile. Kitabu chenyewe hakikwepi jambo hilo, wanalizungumza. Ukilimeza hilo, yaliyobaki yanashuka.

Kwa sisi watu wa pwani, bahari ya humu itawasikitisha. Inaonekana kutoka dirishani, basi. Hakuna anayevua, hakuna anayeuza samaki, hakuna pepo za kusi zinazobadilisha chochote. Pwani ya Christie, naye alizaliwa Torquay mwaka 1890, ni mahali pa kupumzikia wenye pensheni, na bahari ni sababu ya kupanga chumba. Ila utulivu ule unasaidia hadithi: wazee wanaokaa mji mmoja miaka 20 wanakumbuka nani alioa nani.

Nimekisoma kwa Kiingereza, nakala ya mtumba niliyoinunua kwa bei ya chapati na chai. Aliyemaliza kidato cha nne atakimudu, kwa kuwa sehemu kubwa ni mazungumzo na sura ni fupi. Majina ya maua yaruke, ila gugu la bustanini usiliruke. Mtoto wa miaka 13 au 14 anaweza kukisoma, hakuna damu wala matusi, ingawa ukurasa wa ngazi na zile "mikono ya nyani" anazozikumbuka Gwenda usimpe usiku.

Ukishakimaliza, rudi nyuma kwenye The Body in the Library ya mwaka 1942, ambayo nusu yake iko katika hoteli ya mji mwingine wa pwani, Danemouth, uone bibi huyuhuyu akiwa amezungukwa na polisi wanaolipwa mshahara. Ukipendelea kutazama, tafuta filamu ya BBC ya 1987 yenye Joan Hickson, ambayo haikuivuruga hadithi na mama yule amemshika Miss Marple hadi kwenye mabega. Ile ya 2006 imeongeza kundi la wasanii wa jukwaani ambao kitabuni hawamo kabisa, na nguo zao zinapendeza, lakini wapwa zangu waliitazama kwanza, wakaja kunisimulia kwa uhakika habari za watu ambao Christie hakuwaandika.