Chati ya Krismasi redioni: nyota tatu na nusu kutoka kwa fundi wa Majengo

Mie ni fundi cherehani, Majengo hapa Mombasa, na Desemba kwangu ni mwezi wa kulala saa saba za usiku. Magauni ya watoto, mashati ya familia nzima kitambaa kimoja, vitenge vya akina mama wanaopandia basi Mwembe Tayari kwenda bara. Redio iko juu ya kabati, antena yake nimeiunga kwa waya wa henga, na mwezi huu huwa haitoki kituo kimoja, maana wateja ndio wanaokitaka: kile chenye chati ya nyimbo ishirini za Krismasi, saa kumi na moja jioni hadi saa moja. Kituo sikitaji, sitaki maneno na watu.

Kwanza sifa. Mtangazaji wa jioni anaijua kazi yake. Haongei juu ya wimbo, haukati kabla haujaisha, na kila wimbo anaupa historia yake kidogo, si zile porojo za "huu ni moto wa kuotea mbali". Yeye ndiye aliyetueleza habari ya Mariah Carey. "All I Want for Christmas Is You" ulitoka 1994, lakini kule Marekani haukuuzwa kama singo, na sheria ya chati ya Billboard wakati huo ilikuwa wimbo usiouzwa peke yake hauhesabiwi. Sheria ikaja kubadilishwa, wimbo ukaingia Januari 2000, tena nambari 83 huko chini. Nambari moja ukaipata Desemba 2019. Miaka ishirini na mitano!

Na sababu akaieleza vizuri. Zamani ukinunua kaseti umehesabiwa mara moja, hata uipige mpaka utepe uliwe na mashine. Siku hizi watu wanasikiliza kwa simu, na kila mtu anapobonyeza, hesabu inapanda. Kwa hivyo wimbo mzee unarudi kila Desemba na nguvu mpya, na wimbo mchanga wa mwaka huu unakutana na wazee wote wamekaa mlangoni.

Siku aliyosimulia habari ya Brenda Lee, dukani palikuwa na mama mmoja nampima kiuno. "Rockin' Around the Christmas Tree" aliurekodi 1958 akiwa na miaka 13, na ukafika kileleni mwa chati ya Marekani Desemba 2023, mwenyewe ana miaka 78. Yule mama akageuka na futi yangu ikamfuata. "Fundi, basi na mie bado nina wakati." Tukacheka mpaka kipimo kikaharibika, nikaanza upya.

Wham!, kundi la George Michael, nao wana kisa. "Last Christmas" ya 1984 ilikwama nambari mbili Uingereza kwa sababu juu yake walikaa Band Aid, wale wanamuziki waliokusanyika kuchangia wenye njaa Ethiopia, na ndani ya hao Band Aid alikuwamo George Michael huyo huyo akiimba. Alijizuia mwenyewe! Akafariki siku ya Krismasi 2016, wimbo ukaja kushika nambari moja Januari 2021. Mambo haya ukiyasikia huku unatia zipu, kazi inakwenda.

Sasa lawama. Chati yenyewe siiamini. Tunaambiwa ni kura za wasikilizaji, utume meseji kwa nambari fupi, na meseji hiyo inakatwa pesa kuliko meseji ya kawaida. Haya, tumetuma. Lakini sijasikia hata jioni moja wakitaja wimbo gani umepata kura ngapi. Tano za juu ni zile zile Jumatatu hadi Ijumaa, zinabadilishana viti tu. Mteja wangu mmoja anaimba kwaya Changamwe. Yeye na wenzake wamepiga kura kwa "Usiku Mtakatifu", kwa Kiswahili, tena kwa bidii. Wimbo ule uliimbwa mara ya kwanza 1818 huko Austria kwa Kijerumani, na leo hakuna kanisa Pwani lisilouimba kwa Kiswahili. Kwenye chati unapigwa wa Kiingereza. Kwaya zetu zimesukumwa saa kumi na moja alfajiri, wakati anayesikiliza ni bawabu na mwuza maandazi.

Nambari moja hapa ni Boney M., na hilo sina ugomvi nalo. "Mary's Boy Child" aliuimba Harry Belafonte kwanza, miaka ya hamsini, lakini mtu wa Kenya ukimwambia hivyo anakuangalia kama umemtukana. Toleo la Boney M. la 1978 ndilo lililoshika Uingereza Krismasi ile, na ndilo lililoshika matatu zetu mpaka leo. Ila kuna jioni moja mtangazaji alifanya jambo ambalo angelifanya kila siku ningempa nyota zote. Baada ya Boney M. wa Krismasi, akapiga "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, bendi ya hapa hapa Mombasa, 1982. Halafu akapiga wimbo huo huo ukiimbwa na Boney M., 1983. Kinyozi wa jirani alizima redio yake akaja kusimama mlangoni kwangu, mashine ya kunyolea mkononi, mteja kaachwa na kichwa nusu.

Jambo jingine ni matangazo. Baina ya nambari mbili na nambari moja yanarundikwa ya magodoro, ya mabasi, ya supamaketi, kiasi cha mie kumaliza pindo la sketi ya kloshi. Na nauli za mabasi hayo hawazitangazi, maana Desemba wanazijua wenyewe.

Wateja huniuliza, mbona wewe Mwislamu unazijua nyimbo hizi kutuzidi? Nisizijue vipi, nazilipia kwa umeme wangu. Ikilia adhana ya magharibi napunguza sauti, na mara nyingi tunakuwa nambari tano au nne, basi naikosa ile sehemu tamu. Nimewahi kuwaza mbona Idd haina chati. Naona ni kalenda. Krismasi iko pale pale tarehe 25, mwenye redio anajipanga mwaka mzima. Idd kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja. Mara iko kwenye mvua za masika, mara kwenye jua la kaskazi, huwezi kuipangia msimu. Kaswida zetu tunazipiga wenyewe kwenye simu.

Kwa anayetaka kujaribu: fungua saa kumi na moja na nusu, zile nyimbo za nambari ishirini hadi kumi na tano ni za kujazia. Pesa ya meseji kaa nayo. Na Jumamosi usisikilize kabisa, anashika kijana mwingine anayeongea mpaka kiitikio. Nyota tatu na nusu. Ya nne nitaiongeza siku watakayosoma hesabu ya kura hewani, na ile kwaya ya Changamwe waniambie imepata ngapi.