Kamusi ya simu iliyonitia aibu mbele ya mpishi

Nyota mbili, na moja ni ya sauti ya matamshi tu. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Unguja. Nililipa shilingi 5,000 kwa programu hii ya kamusi. Ukitafuta "goodbye" unapewa kwaheri, buriani na alamsiki kwa mkupuo, bila maelezo.

Mgeni mmoja alishika simu yangu, akachagua buriani kwa kuwa lilimpendeza. Asubuhi, begi mgongoni, akamwambia mpishi wetu, "Buriani, mama!" Bi mkubwa akaacha upawa ndani ya sufuria: "Kwani unakwenda kufa, mwanangu, au mimi?" Buriani ni ya kutakana radhi, pengine msionane tena. Alamsiki ni ya usiku. Kwaherini, ya kuaga watu wengi, haimo kabisa!

Upande wa Kiingereza wamejitahidi: "goodbye" ni ufupisho wa "God be with ye", yaani Mungu awe nanyi, na "farewell" asili yake ni kumtakia mtu safari njema. Hapo nilifaidi. Ila bando likiisha, nayo inakuaga.