RCBO kwa kila njia badala ya RCCB moja ya nyumba nzima: uzoefu wangu

Kwa nyumba ya fezi moja inayotegemea ethi rodi yake (fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini), siwezi kurudi kwenye RCCB moja ya 63A, swichi inayokata umeme ukivuja, inayobeba kila kitu. Pasi ikivuja, friji na taa vinazimika nayo, na kulitafuta kosa kunageuka kazi ya kubahatisha. RCBO ni breka inayokata umeme ukivuja na pia mzigo ukizidi, na hulinda njia (sakiti) moja tu; ikikata, unajua papo hapo ni njia ipi.

DB yangu (boksi la breka) ina meni swichi ya 63A ya nguzo mbili, RCBO C20 mbili za soketi (C ni aina ya breka, 20 ni ampea; waya wa 2.5mm²), RCBO C32 ya hita ya kuogea ya 5.5kW (waya wa 6), na breka mbili za 6A za taa (waya wa 1.5) chini ya RCCB ya 40A. Zote zinazohisi uvujaji zina kiwango cha kukata cha 30mA. Hita inavuta kama 24A, ndiyo maana sikuchukua C25. Ingekaa ukingoni na kupata joto.

Taa nazo zinahitaji ulinzi huo. Chukua rodi yenye ohm 50 na umeme wa volti 230 unaovujia ardhini: 230 gawanya kwa 50 ni 4.6A. Breka ya 6A haishtuki kwa kiasi hicho, na taa ya bodi ya chuma inabaki na umeme ikimsubiri mtu. Ila RCCB peke yake haikati mzigo ukizidi. Ile 40A ni uwezo wake wa kubeba tu, kwa hiyo breka za taa lazima zibaki.

Dukani watakupa C32 kwa soketi "ili isikatekate". Kataa. Breka inalinda waya, na waya wa 2.5 ndani ya paipu unaweza kuungua ganda kabla C32 haijashtuka. Soma pia namba iliyo ndani ya kisanduku kilichochorwa usoni mwa breka, yaani ampea za shoti inazoweza kukata: nachukua 6000, sichukui 3000. Kwa mashine ya kufulia na friji ya inveta nunua RCBO ya aina ya A. Aina ya AC, inayohisi uvujaji wa umeme wa AC wa kawaida tu, inaweza isione uvujaji wa vifaa hivyo.

Usumbufu mkubwa ni niutro, waya wa kurudisha umeme. Niutro ya kila njia lazima irudi kwenye RCBO yake, na za taa kwenye RCCB yao. Fundi akizikusanya zote kwenye baa moja kama alivyozoea, RCBO inakata mara tu unapowasha kitu, kisha lawama zinaenda kwa kifaa kisicho na kosa. Zima meni, tenganisha niutro, zipe namba. Kaza skrubu zote, kwani iliyolegea huchoma plastiki bila breka kukata.

Bei ni ya juu kuliko RCCB moja, na kitufe cha T (cha kujaribu) nakibonyeza kila mwezi umeme ukiwepo. Kitufe hicho hakipimi rodi. Rodi inapimwa kwa mashine yake.